Umande wa Asembo



Wasomaji wetu watukufu, na khasa akina mama ambao ndio wenye ukurasa huu, niliahidi kwamba nitakaporudi kutoka Nyanza nitaandika juu ya misikiti ya huko na watu wake. Ahadi hiyo ingali shingoni mwangu. Leo naomba kwanza nieleze nusu siku moja katika ghuba ya Asembo, kwa sababu dada yangu ni msomaji wa gazeti hili tangu toleo la kwanza, na habari yenyewe ameipata nusu tu, kwa simu, kutoka kwa kijana wake. Nusu iliyobaki anastahili kuipata kwangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyempeleka.

Asembo haimo katika njia za wasafiri wetu wa pwani. Gari latoka Kisumu kuelekea Bondo, na ufikapo Ndori wakata kushoto kushukia ziwani. Mstari wa ikweta umeuacha nyuma, upande wa Maseno. Mbele yako ni ghuba ya Winam, ule mkono mrefu wa Ziwa Viktoria uingiao Kenya, na ng'ambo ya maji wauona mlima Homa umesimama peke yake kama mzee aliyejitenga barazani. Ziwa lenyewe, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe, lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Mtu wa pwani asiyewahi kuliona hudhani ataona bwawa; anapolisimamia hutafuta chumvi kwenye midomo yake, na haipati.

Zamani Asembo ilikuwa na heshima ya bandari. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, meli za moshi zilianza kuizunguka ghuba hii, na Asembo ilikuwa moja ya vituo vyake. Mwandishi Grace Ogot alizaliwa huku Asembo mwaka 1930. Nasi watu wa pwani tusijione wageni kabisa: katika miaka ya 1870 mfanyabiashara mmoja wa kwetu, aliyejulikana kwa jina la Songoro, alikuwa akiunda jahazi kule Ukerewe, upande wa kusini wa ziwa hili hili, hadi alipouawa mwaka 1877. Mashua za Asembo leo bado hutumia tanga la pembe tatu ambalo mtu wa Lamu akiliona atacheka kwa furaha.

Nilikwenda kwa mwaliko wa mwanafunzi wangu wa zamani, aliyefungua chuo kidogo cha watoto karibu na ufuo. Nikafuatana na mpwa wangu, kijana wa miaka ishirini na mbili, afanyaye kazi ya kuwafundisha wageni michezo ya majini katika hoteli moja ya pwani ya kusini. Akachukua ubao wake wa tanga. Kwa wale wasioujua, ni ubao mrefu kama mlango, wenye pezi chini yake, na katikati mlingoti mwembamba uliofungwa kwa kiungo cha mpira ili uweze kulala kila upande. Mchezaji husimama juu yake akishika kipande cha fimbo kilichozunguka tanga, na hana usukani ila mwili wake. Wamarekani wawili, Jim Drake na Hoyle Schweitzer, ndio walioomba hati ya umiliki wa chombo hiki mwaka 1968, na tangu 1984 kimo katika michezo ya Olimpiki. Mimi sikuwa na ugomvi nacho. Nilikuwa na ugomvi na utingo wa basi tu, aliyetutoza nauli ya mtu wa tatu kwa ajili ya mlingoti.

Asubuhi ya pili, baada ya kuswali alfajiri na kunywa uji, tulishuka ufuoni kama saa moja unusu. Mashua za omena zilikuwa zimerejea. Omena ndio dagaa wa kule. Huvuliwa usiku kwa taa, na asubuhi kazi huwa ya wanawake, ambao huwatandaza juu ya nyavu kuukuu ili jua liwakaushe. Wavuvi wenyewe huenda kulala. Maji yalikuwa shwari karibu na nchi, na upepo mwanana ulikuwa ukitoka migongoni mwetu kuelekea ziwani. Mpwa wangu akafurahi mno. Akasema, "Mjomba, huu ndio upepo wa kujifunzia watoto."

Hapo ndipo nilipokosa. Upepo ule kwetu tunauita umande, na kila baharia wa Mombasa anaujua: hutoka nchi kavu alfajiri, ukawapeleka wavuvi nje, kisha ukafa jua linapopanda. Mimi naujua kwa jina na kwa masimulizi ya marehemu baba yangu. Lakini kijana wetu amekulia kwenye kaskazi na kusi, pepo ambazo kwa sehemu kubwa ya mwaka humsukuma mtu kuelekea ufuoni, na mbele yake pana mwamba uzuiao mawimbi. Huko ukishindwa, bahari yenyewe hukurudisha. Asembo asubuhi mambo ni kinyume: ukishindwa wapelekwa kati, na hapana mwamba. Nilikuwa na elimu yote iliyotakiwa kulisema neno hili, nami sikulisema, kwa kuwa nilidhani kijana wa hoteli ajua zaidi.

Jambo moja nililishikilia: avae jaketi la kuokoa maisha. Alinung'unika, akavaa.

Alipokwisha kwenda, mama mmoja mzee aliyekuwa akigeuza omena alinijia akifuta mikono. Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Akauliza, "Mwalimu, yule mtoto ni wako?" Nikamwambia ni wa dada yangu. Akatazama maji kwa muda, kisha akasema, "Upepo wa kumtoa anao. Wa kumrudisha umemwombea?"

Hadi saa tatu nilikuwa nikiliona tanga, jekundu na jeupe, likienda na kurudi. Ila kila liliporudi lilisimama mbali zaidi. Saa nne umande ulikufa. Ulikufa ghafla, kama taa iliyokwisha mafuta, na tanga likaanguka majini. Liliinuliwa, likaanguka. Kisha halikuinuliwa tena. Nilichokiona baada ya hapo ni alama nyeusi, mbali yapata kilomita mbili, na baadaye hata hiyo macho yangu hayakuweza kuithibitisha.

Sitawaelezea hali yangu. Kila mama aliyewahi kungoja mtu wa baharini anaijua, na kwetu pwani, tangu usiku ule wa Spice Islander katika Septemba 2011, zipo nyumba ambazo hata sasa hazipendi kusikia simu ikilia alfajiri. Niliomba mashua ya injini. Iliyokuwapo haikuwa na petroli. Mashua za matanga zilikuwa pale pale, lakini tanga bila upepo ni nguo tu. Yule mama aliwaamsha vijana wawili waliokuwa wamelala chini ya mwembe, akawapa makasia na maneno makali ya Kijaluo ambayo sikuhitaji mkalimani. Kisha akanirudia na kuniuliza swali moja: "Ataacha mti wake?" Alimaanisha ubao. Nikasema sijui. Akasema, "Asipouacha, saa saba ziwa litamleta. Akiuacha aogelee, hatafika."

Sasa nieleze yaliyotokea kule, kama alivyonisimulia mwenyewe usiku ule.

Upepo ulipokufa, fikira yake ya kwanza ilikuwa kuogelea. Nchi ilionekana karibu. Maji hudanganya macho kwa namna hiyo, na maji matamu yana hila nyingine, kwamba hayamchukui mtu kama ya chumvi. Mwili huzama zaidi kidogo na mwogeleaji huchoka upesi. Alhamdulillah akakumbuka somo la kwanza analowafundisha wageni: usiuache ubao, kwa kuwa ndio chombo chako, na mtu anayeelea peke yake ni kichwa tu, hakionekani. Katika ajali ya Spice Islander wapo walionusurika wakiwa wameshikilia magodoro. Tusidharau kitu kinachoelea.

Akaketi juu yake, akainua mikono yote miwili pande mbili na kuishusha polepole, mara nyingi. Hiyo ni ishara ya msaada ijulikanayo na mabaharia wa kila lugha. Hakuna aliyemwona. Ndipo akaanza kazi ya kurudi. Akalegeza kamba za tanga, akaitoa ile fimbo ya kushikia na kuilaza sambamba na mlingoti, akalikunja tanga kutoka pembeni kuelekea mlingotini, kaza kaza, kama mama akunjavyo mkeka, akalifunga kwa kamba mbili. Mzigo ule akaulaza juu ya ubao kwa urefu, akalala kifudifudi juu yake, akaanza kupiga maji kwa mikono.

Anasema mikono ilichoka mapema kuliko alivyotazamia, basi akajiwekea kawaida: viganja mia, kisha kupumzika. Alikitafuta kitu cha kukikabili nchini asipotee njia, akachagua bati moja lililong'aa. Mimi baadaye nilimwonyesha kwamba ufuo wa Asembo, ukiwa majini, uko upande wa kibla, kaskazini ikiegemea mashariki kidogo. Akajibu kwamba alilijua hilo, kwani adhuhuri aliiswali pale pale kwa ishara, amelala, akilikabili lile bati. Sikuwa na la kuongeza.

Saa sita unusu upepo wa ziwa uliamka kutoka kusini magharibi, kama yule mama alivyosema. Haukuja kwa adabu. Wingu jeusi lilikuwa nyuma yake, na mawimbi mafupi ya ghuba, ambayo ni makali kuliko ya bahari kwa kuwa maji yake ni haba kina, yakaanza kuupiga ubao mgongoni. Wimbi moja likampindua. Akaurudia ubao, lakini mzigo wa tanga ulikuwa umeteleza na sasa ulining'inia majini kwa kamba, ukiuvuta ubao ukae ubavu kwa mawimbi, na kila wimbi likawa linamwangusha tena.

Hapo alisita, na ndicho alichoogopa kumwambia mama yake. Tanga lile si lake. Ameliazima kwa mwajiri wake, na bei yake yashinda mishahara yake ya miezi kadhaa. Anasema aliishika kamba ile huku akihesabu fedha, akapinduka mara tatu akihesabu. Katika mara ya nne akaifungua.

Ubao ulipowekwa huru ukageuka wenyewe, kichwa kwa nchi, na yale mawimbi yaliyokuwa yakimwangusha yakawa yanambeba. Wale vijana wawili walikutana naye njiani, wakamfunga kwa kamba nyuma ya mashua, wakatua mashariki ya pale tulipokuwa, katikati ya magugu maji yaliyoziba ufuo. Ilibidi wapite humo kwa miguu, wakipiga maji kwa makasia kuwafukuza viboko kama wapo. Ilikuwa yapata saa nane. Nilimpeleka zahanati kesho yake kwa ajili ya kichocho, ambacho hakikosekani katika maji yale ya kando. Dada, hilo nalo hukuambiwa.

Usiku aliniuliza kuhusu tanga. Alitumaini nitasema ni amana, na mwenye amana halipi ikiwa hakufanya uzembe. Nikamwambia amana ni kitu ulichowekewa ukitunze kwa faida ya mwenyewe. Hiki amekiomba akitumie kwa faida yake, nacho ni kuazima, na katika madhehebu yetu ya Shafii mwazimaji hubeba dhamana kikipotea nje ya matumizi aliyoruhusiwa. Nikamwuliza kama mwajiri aliruhusu kitoke pwani kije ziwani. Akanyamaza. Kulitupa hakukosea; nafsi hutangulia mali, na laiti angelishikilia ningekuwa naandika habari nyingine. Kulipa atalipa. Lakini uzembe wa asubuhi ile ulikuwa na mwenyewe, naye ni mimi niliyeujua umande nikanyamaza, kwa hiyo tumegawana nusu kwa nusu. Deni lilimalizika mwezi uliopita, na mwajiri, Mungu amlipe, hakuzidisha hata shilingi.

Jumanne mwanafunzi wangu alipiga simu. Tanga limeonekana katika magugu maji, limechanika pande mbili, mlingoti umevunjika. Yule mama anauliza kama mwenyewe bado analitaka, kwa sababu kitambaa chake hakipitishi maji na mvua za mchana zinawaharibia omena wao. Nilimwuliza mpwa wangu, kwa kuwa sasa ni letu. Akasema wapewe, na wapewe na kamba zake.