Mshale Uliposhuka Tukashangilia



Wengi mmeniuliza mbona Jumapili nne mfululizo mlimwona pasta wenu akishuka kwa bodaboda, Biblia kwapani, suruali imejaa vumbi. Wengine mlidhani nimeuza gari. Leo nitawaambia ukweli, na ukweli wenyewe si wa gari peke yake, kwa hivyo mnivumilie kidogo, ni mrefu.

Lile Land Rover mnalijua. Ni 110 ya mwaka wa 1997, injini ya dizeli, 300Tdi. Nililinunua kwenye mnada likiwa limeshachoka. Limebeba spika na jenereta, limebeba saruji ya kanisa, limebeba maharusi na majeneza, na usiku mmoja wa mvua lilibeba mama aliyejifungua kabla hatujafika hospitalini. Mlango wa dereva haufungi vizuri, mvua ikinyesha goti langu la kulia linalowa. Lakini kwenye matope halina mpinzani. Hata wenye magari mapya hunipigia simu niwavute. Hapo ndipo kiburi kilipoanzia, nikisema kweli.

Mwaka jana likaanza kunywa maji. Mwanzoni lita moja kwa wiki. Baadaye nikawa najaza kila asubuhi, hata nikaweka mtungi wa lita tano nyuma ya kiti uwe hapo daima. Chini ya gari hapakuwa na dimbwi, hata tone. Nikajiambia gari kuukuu ni kama mzee, lazima anywe maji mengi. Mke wangu akiniuliza, namjibu hivyo hivyo, tunacheka.

Nilimpelekea fundi mmoja. Yeye aliangalia dakika kumi, akatoa thamostati akaitupa kwenye debe la vyuma. Thamostati ni kilango kidogo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Akaniambia, "Pasta, hizi ni vitu za wazungu wa baridi, huku hatuhitaji." Na kweli, mshale wa joto ukakaa chini sana. Nikamlipa, nikamshukuru, nikamwombea. Maji yakaendelea kupungua vile vile, ila sasa mshale haukunisumbua.

Kuna jambo lingine lilitokea wakati huo. Kijana wangu alikuwa kidato cha pili. Jioni moja wageni wa huduma walikuwa nyumbani, yeye akawa nje amefungua boneti, anamulika na simu ya mama yake. Akaingia akasema, "Baba, kuna alama ya kutu inashuka hapo mbele, karibu na pampu ya maji." Nikamjibu mbele ya wageni, "Alama za kuangalia wewe ni za hesabu, kwanza hizo zinashuka zaidi." Wageni wakacheka. Mimi pia. Alitoka, nikasikia boneti ikifungwa polepole, si kwa kishindo. Angeipiga kwa kishindo labda ningeamka.

Sasa twende safarini. Tulikuwa na mkutano wa siku tatu kule chini kwenye Bonde la Kerio, mbali na lami. Jumatatu tukarudi, watu tisa na vyombo. Mnaoijua barabara ya kupanda kupitia Tambach mpaka Iten mnajua ile si barabara ya mchezo. Unatoka kwenye joto la bonde unapanda zaidi ya mita elfu moja, kona juu ya kona, gia ya pili, wakati mwingine ya kwanza. Mzigo mzito, mwendo mdogo, upepo wa kupoza rejeta hakuna.

Katikati ya mlima mshale ukaanza kupanda. Nikaanza kuomba kimoyomoyo. Halafu, kabla hata sijasema amina, mshale ukashuka. Ukarudi mpaka chini kabisa kwenye baridi. Wapendwa, nilipaza sauti. Nikawaambia walio nyuma, "Mnaona? Mungu anajibu!" Wakapiga makofi, kina mama wakaanzisha wimbo, na mimi nikaongeza mafuta.

Hazikupita dakika tano. Nguvu ikaisha kama mtu amekatwa miguu. Harufu kali ya chuma na mpira, mvuke ukatoka kila upande wa boneti, injini ikazimika na haikuwaka tena. Tulikaa pale kwenye kona mpaka saa mbili usiku, mama mmoja mwenye magoti mabovu amekalia jiwe, mpaka lori la mchanga likatuokota. Hakuna aliyenilaumu. Ila msichana mmoja wa kwaya aliniuliza, kwa heshima kabisa, "Pasta, si ulisema iko sawa?" Sikuwa na jibu.

Gari lilivutwa mpaka Eldoret, kwa mzee mmoja fundi ambaye nilielekezwa. Nilimkuta amekaa juu ya tairi anakunywa chai. Hakushika spana. Alianza kuniuliza maswali kama daktari. Ilianza kunywa maji lini? Asubuhi ukiiwasha ikiwa baridi, mipira ya maji inakuwa migumu mara moja? Moshi ni mweupe? Hita inatoa joto? Nilipomweleza habari ya mshale kushuka tukashangilia, aliweka kikombe chini akaniangalia kwa huruma.

"Pasta, hicho kipimo hakipimi injini. Kinapima maji yanayokigusa. Maji yakiisha, kinabaki hewani, kinasoma kidogo. Ile saa ulifurahi ndiyo saa injini ilikuwa inaungua."

Nimesoma chuo cha Biblia miaka mitatu, nimesikia mahubiri mengi, lakini sentensi hiyo ilinikaa kifuani mpaka nikakosa pa kutazama.

Alichomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji yalikuwa yameingia. Akafungua silinda hedi. Kwenye injini hii bloku ni chuma na hedi ni aluminiamu, na aluminiamu ikipata joto kupita kiasi inapinda. Aliweka rula ya chuma juu yake, akapitisha vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, vikapita katikati kama barua chini ya mlango. Hedi ikapelekwa kwa wenye mashine ikapimwa nyufa. Kwa neema ya Mungu haikuwa imepasuka. Ikasawazishwa. Gasketi yake nayo si ya kununua kiholela, zinakuja kwa unene tofauti, zimetiwa vitobo pembeni uzitambue, na lazima upime pistoni inachomoza kiasi gani ndipo uchague.

Lakini hayo yote, alisema mzee, ni madhara, bado hatujafika kwenye kosa. Akafungua feni, belti, alteneta, pampu ya usukani, mpaka akafika nyuma ya kile chuma kinachobeba pampu ya maji. Pale kuna gasketi ndogo yenye umbo la herufi P. Bei yake ni chai na mandazi ya watu wachache. Ilikuwa imeoza kona moja. Maji yalikuwa yanatoka kidogo kidogo, yanakauka kwenye injini ya moto kabla hayajafika chini, ndiyo maana sikuona dimbwi. Tena maji yakivuja, hata kwa tundu dogo, ule mbano wa ndani unapotea. Iten iko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji yasiyobanwa huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, hayangoji 100. Kwa hivyo nilikuwa napanda mlima, na kila kona maji yangu yanazidi kuwa karibu na kuchemka.

Akanionyesha kwa kidole mstari mwembamba wa kahawia, umeshuka kutoka kwenye ile kona. "Hii alama ni ya miezi. Mtu akifungua boneti angeiona. Hakuna mtu aliiona?"

Nikasema, "Kijana wangu aliiona."

"Ukamwambia nini?"

Wapendwa, sikuweza kumwambia.

Nilirudi nyumbani kwa matatu, na njia nzima sikuwa nafikiria gari. Mwezi wa nne nilialikwa kufundisha semina ya familia. Nilisimama nikashuhudia kwamba nyumbani kwangu kuna amani, mtoto wangu hajawahi kunijibu vibaya, mlango haupigwi kwa nguvu. Watu waliandika kwenye madaftari. Mke wangu alikuwa ameniambia, "Huyu mtoto siku hizi haongei na wewe." Nikamwambia ametulia, anakua mwanamume. Mimi nilikuwa nasoma ukimya wake nauita amani. Mshale uko chini, tukashangilia.

Yeremia sura ya 2 nimeihubiri mara nyingi, pale Mungu anapowalalamikia watu wake waliojichimbia mabirika yasiyoshika maji. Siku zote nilifikiri ni habari ya watu wa dunia, wanaotafuta pesa na pombe. Sikuwahi kumfikiria mtu wa Mungu mwenye mtungi wa lita tano nyuma ya kiti, anajaza kila asubuhi na haulizi maji yanaenda wapi.

Nilimkuta kijana anakata majani ya ng'ombe. Sikumwita sebuleni, nikashika majani nikasaidia kufunga mzigo. Nikamwambia, "Ile alama ya kutu uliyoiona ndiyo iliyoua injini. Ulikuwa sahihi. Nilikuaibisha mbele ya wageni. Nisamehe, mwanangu."

Akasema, "Sawa, Baba."

Basi. Hakulia, hakunikumbatia. Tulibeba majani tukapeleka kwa ng'ombe. Sitaki mtu afikiri palitokea muujiza wa dakika moja.

Bili ilikuwa shilingi 83,000. Kuna mzee wa kanisa aliyesema kwa nia njema tukope kwenye pesa za mabati. Nilikataa, nikauza mtamba. Jumamosi za likizo nikaenda gereji na kijana. Mzee alimpa taa ashike, baadaye akampa spana, na siku ya kukaza boliti za hedi alimfundisha kwa nini unaanza katikati ukienda nje, na kwa nini hukazi moja mpaka mwisho peke yake. Thamostati mpya ikawekwa, na kulanti badala ya maji matupu, kwa sababu maji matupu ndiyo yanayokula ile aluminiamu. Mzee akafunga pia kipimo cha pili, kimefungwa kwenye chuma chenyewe cha hedi, na kengele. Chuma hakingoji maji kusema kina joto. Watumishi wenzangu wenye magari ya umri huo, fungeni hicho kitu. Na msifungue mfuniko wa maji injini ikiwa moto, nimeona mkono wa mtu.

Jumamosi ya tatu, tukiwa kwenye matatu tunarudi, kijana alianza kuongea akitazama nje dirishani. Aliyoyasema ni yake, si ya kuwekwa hapa. Yanahusu shule, na kidogo yanahusu kuwa mtoto wa pasta. Nilikuwa na mstari wa Biblia mdomoni tayari. Nikaumeza. Nikauliza tu, "Ilianza lini?" Tukapita kituo chetu, tukashukia cha mbele, tukarudi kwa miguu.

Leo asubuhi nilikuwa naandaa mahubiri ya Jumapili. Akasimama mlangoni, mikono ina mafuta.

"Baba, kulanti imeshuka kidogo. Si sana."

Nikafunga daftari, nikavaa viatu, nikamwambia anionyeshe.