Mkubwa Kuliko Sambaza

Mzee aliyenitangulia kwenye kijia cha kushukia ziwani, hapa Katana, ni mkubwa kuliko sambaza. Alikuwepo kabla yao na hapendi jambo hilo lisahaulike. Huwataja kama mtu anavyomtaja shemeji aliyemkuta akitambaa, na ambaye leo anajifanya mkuu wa ukoo. "Sisi tukiwa watoto hapakuwa na sambaza," akaniambia bila kugeuka nyuma, fimbo ikimpimia utelezi. "Palikuwa na ziwa tu, mwanangu."

Hakuwa anatia chumvi. Sambaza, vile visamaki vya fedha ambavyo leo mtu wa Bukavu haoni bugali bila hivyo, si wa Ziwa Kivu kwa asili. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa utawala wa Wabelgiji, mwaka 1959 hivi. Tena walioleta walimkusudia hasa samaki mwingine, ndagala ambaye wataalamu humwita Stolothrissa. Walisafirisha vifaranga kwa makumi ya maelfu, na ndani yake wakawemo wa jamaa yake, Limnothrissa. Aliyekusudiwa akatoweka. Aliyekuja kwa kuchanganyika akabaki, akazaana, na kufika miaka ya 1980 uvuvi wa ziwa hili ulikuwa umemwegemea yeye. Mpango wa wakubwa ulifaulu, basi, ila kwa samaki asiyekuwamo kwenye mpango.

Katana ni mji wa kutembea kwa miguu. Uko mashariki ya Kongo, kilomita 40 na kidogo kaskazini ya Bukavu, kwenye barabara ya Goma, ukishapita Kavumu na uwanja wake wa ndege. Magharibi unasimama Kahuzi, mita 3,308, volkano iliyozimika zamani na kujifunika msitu. Mashariki ni ziwa, na ng'ambo yake mgongo mrefu wa kisiwa cha Idjwi. Kati ya mlima na maji hakuna tambarare ya kusema. Kila safari ni kushuka au kupanda, na anayeshuka asubuhi akiimba atapanda jioni kimya. Udongo ni ule mwekundu uliotokana na mawe ya volkano yaliyooza kwa miaka isiyohesabika, na kila kipande kimelimwa hadi ukingoni mwa njia.

Nilipokuwa nikimfuata mzee, sambaza wake waliniharibia macho. Nikawa siangalii kitu bila kukiuliza kimetoka wapi. Migomba, ambayo Mshi na Mhavu wa vilima hivi wataapa kwamba ilishuka nao kutoka kwa mababu, asili yake ni Asia. Maharagwe, mahindi na muhogo vilivuka bahari kutoka Amerika. Mikalitusi ya kingo za mashamba ni ya Australia. Kwinini, mti uliowahi kutajirisha mashamba makubwa ya upande huu, ulitoka milima ya Andes. Hospitali ya Fomulac, ambayo watu wa vilima hivi wamezaliwa na kufia humo kizazi baada ya kizazi, ilijengwa na taasisi ya Chuo Kikuu cha Louvain cha Ubelgiji. Ukiondoa kila kilichokuja, utabaki na mtama, mlima na mawingu.

Na ziwa lenyewe? Nalo halikuwepo hivi lilivyo. Zamani maji ya bonde hili yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward na mto Nile. Kisha volkano za Virunga zikainuka na kuziba njia. Maji yakajaa bonde na mabonde madogo ya kando. Ndiyo maana ufuo wa Katana umekatika katika ghuba na rasi, na vilima vingine vimebaki visiwa. Yapata miaka 10,000 iliyopita yakapata upenyo kusini, pale ilipo Bukavu, yakaanza kumwagika kwa mto Ruzizi hadi Tanganyika, kisha mto Kongo, kisha Atlantiki. Ziwa likahama kutoka familia ya Nile na kuingia familia ya Kongo, na hakuna aliyelidai hati. Maji ya Kivu yanateremka Tanganyika kila siku. Samaki wa Tanganyika hawawezi kuyapanda maporomoko ya Ruzizi. Ilibidi binadamu awapandishe.

Moto uliolizaa ziwa ndio pia uliolifanya maskini wa samaki. Huko chini, kwenye kina kinachokaribia mita 500, maji hayana oksijeni. Yamejaa gesi: methani kilomita za ujazo zipatazo 60, na kaboni dioksidi mara tano ya hiyo. Viumbe huishi katika tabaka la juu tu. Aina za samaki hazifiki 30, idadi ndogo sana ukilinganisha na maziwa jirani, na kabla ya sambaza hakuna aliyekuwa akila vijidudu vinavyoelea katikati ya ziwa, mbali na miamba. Chakula kilikuwepo, mlaji hakuwepo. Wakati huohuo, watoto wa milimani walikuwa wakivimba miguu kwa kwashakoo. Lwiro, mwendo wa asubuhi moja kutoka hapa, madaktari waliitibu na kuichunguza kwa miaka mingi.

Lwiro penyewe panashangaza. Unapanda kati ya mashamba ya muhogo, ghafla unakutana na jumba kubwa lenye bustani, kumbi na maktaba, kama limeshushwa kutoka nchi nyingine. Ni lile la taasisi ya utafiti iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1947, leo Kituo cha Utafiti wa Sayansi Asilia. Vyombo vya kupima mitetemo vimekuwepo hapo tangu miaka ya 1950, na kazi havijakosa. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipiga ukanda huu wa kaskazini mwa Bukavu, likaangusha nyumba na kuua watu pande zote mbili za ziwa, hasa upande wa Rwanda. Na pale Kankule, jirani na Katana, maji yanatoka ardhini yakiwa ya moto. Ardhi ambayo watu wanagombania nani aliitangulia bado yenyewe haijatulia mahali pake.

Hapo ndipo mguu wangu ulipokuwa ukinipeleka muda wote, na nisingependa kujifanya nilifika kwa bahati. Katika Kivu, swali la nani alifika kwanza si la maongezi ya kasiksi, ile pombe ya ndizi. Limeua. Limefukuza watu vilimani, limechoma vijiji, na kila jeshi linalopita barabara hii, kama lile lililopita Februari 2025 likielekea Bukavu, hubeba jibu lake mfukoni. Serikali nayo imelijibu kwa sheria, na majibu yakawa yanahama. Sheria ya uraia ya mwaka 1981 ilimtaka mtu awe wa kabila lililokuwa limekaa nchini kabla ya tarehe 1 Agosti 1885. Ile ya mwaka 2004 ikausogeza mpaka hadi siku ya uhuru, 1960. Nilipiga hesabu nikitembea: kwa sheria ya 1981 sambaza ni mgeni moja kwa moja, arudishwe Tanganyika na vifaranga vyake. Kwa ile ya 2004 anapita, tena kwa mwaka mmoja tu.

Nilimweleza mzee hesabu hiyo. Alicheka hadi akasimama. Kisha akaniuliza, "Na Mbuti je?"

Alinibana. Batwa, au Wambuti kama wengi hapa wanavyowaita, wanakubaliwa na kila mtu kuwa ndio waliotangulia. Hakuna anayebisha. Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega ilipoanzishwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, waliondolewa msituni, na hadi leo wengi wanaishi kwenye vipande vya ardhi za watu, kandokando ya miti waliyoijua kwa majina. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba haki zao zilivunjwa. Kwa hiyo kutangulia, kitu ambacho majirani wanauana kwa ajili yake, hakikumsaidia yule mmoja ambaye wote wanakubali alitangulia. Hilo limenikaa kichwani kuliko yote niliyoyaona Katana. Tunaposema "sisi ni wa kwanza", mara nyingi hatusemi habari za zamani hata kidogo. Tunasema nani ana nguvu leo ya kuchagua tarehe.

Isidhaniwe kwamba natangaza wageni wote ni baraka. Sambaza hawakuja bure. Kuna kijidudu cha majini, aina ya Daphnia, kilichokuwa kikiogelea Kivu kabla yao na ambacho kilitoweka baadaye; walikila wakakimaliza. Mwaka 1986 Henri Dumont, mwanasayansi wa Ubelgiji, aliandika akihofia kwamba kuletwa kwao kungekuwa janga kwa ziwa zima. Ziwa halikuanguka. Lakini halikuwa tena ziwa lilelile, na anayesema hakuna kilichopotea hajauliza waliopotea. Hata muhogo ulikuja na adha yake, maana unajaza tumbo la mtoto bila kumjenga mwili. Kila kijacho kina bei, na bei hulipwa na aliye dhaifu kwanza. Mtu anayeikumbuka bei hiyo simwiti mchukia wageni. Ugomvi wangu ni na yule anayeikumbuka bei ya mgeni wa jirani tu, huku akila bugali la muhogo wa Amerika.

Tulifika ufuoni wakati mitumbwi inarudi. Kwa asiyewahi kuiona: ni mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu inayochomoza mbele na nyuma kama pembe, na wavu unashushwa kati yake. Usiku huwasha taa juu ya maji, sambaza wakaufuata mwanga, wavu ukainuliwa. Wanapiga kasia kwa wimbo ili mikono ishuke pamoja, na wimbo huo hutangulia chombo, kwa hiyo akina mama ufuoni husogeza mabeseni kabla hawajaona kitu. Mbalamwezi ikiwa kubwa hawatoki. Mwanga wa taa hushindwa na wa mwezi, samaki hutawanyika, na ndizo siku za kushona nyavu na kulipa madeni. Kazi nzima imejengwa juu ya giza, na sijaona mvuvi anayelilalamikia. Wanalalamikia mengine: vyandarua vya mbu vinavyokokotwa kando na kuzoa vifaranga, na mikono mingi inayosubiri fungu lake kabla beseni halijamfikia mama.

Mabeseni mengine yalikuwa yanakwenda soko la Kabamba, mengine yanapakiwa pikipiki kwa ajili ya Bukavu. Katika umati ule nilisikia Kihavu, Kishi, Kinyarwanda na Kiswahili chetu cha huku, na jinsi sauti zilivyopanda hakuna aliyemuuliza mwenzake babu yake alikuwa wapi mwaka 1885. Walikuwa wanaulizana kopo moja ni franka ngapi. Sisemi soko limemaliza chuki. Watu wale wale wanaweza kesho kukimbiana. Nasema tu kwamba mahali pa kazi swali lile linakosa wa kuliuliza, kwa sababu jibu lake halimpunguzii mtu bei.

Mama mmoja alikuwa amewatenga samaki wachache kando ya beseni lake, warefu kidogo kuliko sambaza, na madoa ya buluu yanayong'aa ubavuni. Nilimwambia sijawahi kuwaona. "Hao ni wapya," akasema. Wataalamu huwaita Lamprichthys tanganicanus. Nao ni wa Tanganyika, walionekana Kivu kwa mara ya kwanza mwaka 2006, na hakuna sherehe wala serikali iliyowaleta. Watafiti walianza kuchunguza kama wanagombania chakula na sambaza huku pembeni mwa ziwa.

Mzee alikunja uso. Akasema hawa ni wezi, wamekuja kula riziki ya sambaza wetu.

"Sambaza wenu tangu lini, mzee?" akauliza kijana aliyekuwa akikung'uta wavu, na watu wakaangua kicheko, naye mzee akainua fimbo kumtisha huku na yeye anacheka. Mama hakucheka. Alikuwa na mteja mbele yake anayeshika samaki wale wapya kwa ncha za vidole na kuuliza kama wakikaangwa wanatoa mafuta, na kama bei ni ileile ya sambaza au atapunguziwa kwa kuwa hawajulikani.

"Ileile," mama akajibu. "Chukua au acha."