BENZ YA MC WA TUNDUMA NA USIKU ULE BREKI ZILIPOAMKA ZENYEWE

Wadau, kuna MC mmoja maarufu sana pale Tunduma, jina liwekwe pembeni. Kama umewahi kuhudhuria harusi au send-off ya kueleweka kuanzia Mpemba mpaka Vwawa na Mlowo, basi kuna uwezekano mkubwa umeshamsikia akiwataka ndugu wa bibi harusi wasogee mbele na vigelegele. Sauti anayo, suti anazo, na tangu mwaka juzi anayo Benz.

Hiyo Benz ndo stori yenyewe. Ni E240 nyeusi ya mwaka 2004, ile yenye macho manne mbele. Aliinunua milioni 11 kwa wakala mmoja wa forodha aliyekuwa anahamia Dar. Sasa Tunduma watu wamezoea kuona ndinga kali, maana magari ya IT yanayoshushwa bandarini Dar yanakatiza pale kwenda Zambia na Congo. Lakini hayo yanapita tu. Benz inayolala Tunduma, tena Sogea, ina heshima yake.

Na heshima hiyo inaingiza hela. Kamati ikimchukua MC inachukua na gari: maharusi wanapanda Benz, jamaa anaongeza laki 3 kwenye bei yake, kila mtu anafurahi. Mwaka wa kwanza alitesa kweli.

Tatizo likaja kwenye sevisi. Alipeleka gari Mbeya, akaambiwa oili, filta, pedi za mbele na mafuta ya breki, jumla laki 9. Hapo pump haijaguswa wala shokapu. MC akaiangalia ile karatasi, akacheka kile kicheko chake cha ukumbini, akasema atarudi wiki ijayo. Hakurudi. Alirudi zake Tunduma akaingia YouTube.

Oili alianza nayo, na tumpe haki yake, oili aliiweza. Sio kwamba ilikuwa rahisi. Tunduma ni mji wa malori, ukiingia duka la oili unaulizwa Scania au Howo. Oili ya dizeli 15W-40 imejaa, lakini ile 5W-40 yenye kibali cha Mercedes kilichoandikwa nyuma ya galoni ilibidi aiagize Mbeya, ikaja na konda wa Coaster. Galoni moja la lita 4 alilozoea kwenye Corolla yake ya zamani lilikuwa nusu tu ya safari, maana ile injini inakunywa lita 8. Filta aliitafuta chini ya gari nusu saa nzima, mgongo umelala kwenye boksi, kumbe iko juu, ukifungua boneti unaiona imekaa inakutazama. Akabadilisha na vile vimpira vyake, akafunga, akawasha, injini ikanguruma taratibu kama paka aliyeshiba.

Yote hayo aliyafanya usiku, geti limefungwa. Hili ndo jambo la kuliweka akilini. Mjini MC anajulikana kama mtu wa kushuka kwenye Benz. Jirani akimwona yuko chini ya Benz, na ovaroli, na uso una oili, kesho ni habari ya mji mzima: jamaa kafulia. Kwa hiyo taa ni ya simu, na simu iko mdomoni. Wa kumuuliza swali hakuna. Hata baba yake mdogo, fundi wa malori pale Mpemba kwa miaka mingi, hakuambiwa kitu, eti mzee ana mdomo.

Basi mwezi Juni, ule wa baridi ya kutoboa masikio, ikaja kazi nzuri Vwawa. Harusi Jumamosi, MC na gari. Kamati ikatanguliza nusu ya malipo, na ile advansi ndiyo iliyonunua pedi mpya. Taa ya pedi ilikuwa imewaka wiki mbili kwenye dashibodi na zile za zamani zilikuwa zimebaki nyembamba kama biskuti iliyolambwa. Alhamisi usiku, saa tano, jamaa akapiga jeki.

Video alikuwa ameshaikariri. Legeza nati, nyanyua, toa tairi, fungua kalipa, toa pedi, rudisha pistoni ndani kwa klampu, weka pedi mpya, funga. Dakika arobaini upande mmoja. Tairi la mbele kulia likatoka, kalipa ikafunguka, pistoni ikarudi ndani bila shida. Kila kitu kama kwenye video.

Isipokuwa video ilikuwa ya C-Class ya mwaka 2009. Nyota mbele ni ile ile, lakini breki ni mambo mawili tofauti kabisa.

E-Class za kuanzia 2002 mpaka 2006 zilitoka na breki ambazo Mercedes walizipa jina la Sensotronic Brake Control, kwa kifupi SBC. Kwenye gari ya kawaida mguu wako ndo unasukuma mafuta ya breki. Ukitoa mguu, presha imekwisha. Kwenye SBC mguu unatuma taarifa tu. Kompyuta inasoma umekanyaga kwa nguvu gani na kwa haraka gani, halafu inaruhusu mafuta ambayo pampu ya umeme imeshayabana yaende kwenye magurudumu. Na yamebanwa haswa: bar 140 mpaka 160. Tairi ya gari ndogo unayoijaza upepo pale sheli ina bar 2 na kidogo. Halafu mfumo wenyewe una tabia ya kuamka. Ukibonyeza rimoti kufungua milango, au ukifungua mlango tu, unajipima na kujiandaa, hata kama hujawasha gari. Ndiyo maana fundi anayezijua hizi gari hagusi pedi mpaka aunganishe mashine na kuulaza huo mfumo kwanza.

Wenyewe Mercedes ziliwatoa jasho. Mei 2004 waliita magari 680,000 duniani yenye breki hizo yarudi kukaguliwa, Machi 2005 wakaita mengine milioni 1.3, safari hii na mambo ya umeme yakiwemo, na E-Class iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2006 ikarudishiwa breki za kawaida. MC hakuyajua hayo. Angeyajuaje, na swali hakumuuliza mtu?

Funguo alikuwa ameiacha juu ya stuli mlangoni. Binti yake wa miaka sita alikuwa ameamka kwenda chooni, akaona taa nje, akatoka na kanga ya mama yake begani. Na mtoto huyu ana mchezo mmoja anaoupenda kuliko katuni: kubonyeza ile rimoti aone taa za Benz zinakonyeza.

Akabonyeza.

MC alikuwa ameutoa mkono sekunde ileile kuchukua pedi mpya kwenye boksi. Ndani ya boneti kikasikika kitu kinavuma, mmmh, kama friji inayoanza kazi, halafu pistoni ikaruka nje ya kalipa kwa kishindo na mafuta ya breki yakatapakaa kwenye matope ya gari, kwenye sakafu, kwenye suruali. Pale pistoni ilipopita, dakika moja kabla vilikuwepo vidole vitatu vinafuta vumbi.

Mtoto akacheka. Alidhani baba kafanya mchezo. "Baba, fanya tena!"

Jamaa alikaa chini kwenye saruji ya baridi akaangalia mkono wake. Mke wake alipotoka alimkuta amemkumbatia mtoto, gari imenyanyuliwa na jeki, na hakuna anayesema kitu. Akauliza, "Baba, kuna nini?" Akajibiwa hakuna kitu, mama, nenda kalale.

Alimwaga maji pale palipomwagika, maana hilo alikuwa analijua, mafuta ya breki yanakula rangi. Akairudisha pistoni, akaweka pedi, akafunga tairi. Alipowasha, dashibodi ikaja na maandishi mekundu ya kumtaka aende gereji. Pedali ikazama karibu mpaka chini. SBC ikikataa kazi inakuachia breki za matairi ya mbele tu, tena kwa nguvu za mguu wako mwenyewe, na huku mbele kwake upepo ulikuwa umeshaingia.

Ijumaa alfajiri alikuwa amekaa ndani ya gari anapiga hesabu. Tunduma mpaka Vwawa sio mbali. Mlima Senjele uko mbele huko, njia ya Mbeya, haufikii. Ukienda taratibu, ukiacha nafasi, ukitumia gia ndogo. Pesa ya kamati imeshaliwa. Ndo mawazo ya mtu mwenye akili timamu kabisa, wadau, anapanga kuwapakia maharusi wa watu kwenye gari yenye nusu breki, katikati ya malori ya barabara ile.

Kilichomzuia hakikuwa kikubwa. Mke wake alikuwa ameshampigia simu baba mdogo bila kumwambia.

Mzee alifika na bodaboda saa moja kasoro. "Shikamoo baba mdogo." "Marahaba. Toka humo." Akaingia yeye, akakanyaga pedali mara moja, akashuka na funguo akaitia mfukoni. Akasikiliza stori yote mpaka mwisho bila kukatiza, jambo ambalo kwake ni nadra. Halafu akamwambia kitu kuhusu malori. Kwenye lori, alisema, kuna lile kopo la breki nyuma, ndani lina springi iliyobanwa. Fundi asiyelijua akilifungua kienyeji, ile springi inatoka na kifuniko, na mwanangu, mimi nimemzika mtu kwa hiyo springi. "Hii yako siijui. Wamewahi kuniletea moja, nikaikataa. Nilimwambia mwenyewe siijui. Nimepungukiwa nini?"

MC hakujibu.

Simu kwa mwenyekiti wa kamati aliipiga mbele ya mzee, na wanaomfahamu wanasema ile ndo simu ngumu aliyowahi kupiga, yeye anayeongea kwa watu mia tano bila kumeza mate. Alisema gari haina breki. Hakusema imepata dharura wala iko safarini Lusaka. Mwenyekiti alikaa kimya, kisha akafoka, na alikuwa na haki ya kufoka, zimebaki saa thelathini harusi ianze. Wakapata Prado kwa mtu wa Mlowo. Laki 3 ikakatwa, na ikakatwa nyingine ya usumbufu.

Jumamosi MC alipanda Coaster ya Vwawa, suti ameibeba kwenye mfuko wake wa plastiki ili isijikunje. Konda alimtambua. Abiria wawili pia. Mmoja akauliza kwa sauti, "MC, Benz iko wapi?" Akasema iko uani, imeharibika breki, ameiharibu mwenyewe usiku. Gari zima likacheka, naye akacheka, na walipofika Mpemba alikuwa ameshapata mtu wa ubarikio wa mwanaye mwezi wa nane.

Fundi wa mashine alitoka Mbeya wiki mbili baadaye. Akaulaza mfumo, akabadilisha mpira wa pistoni, akatoa upepo kwa kompyuta, akamaliza na upande wa kushoto. Bahati ilikuwa kubwa, pampu ilikuwa nzima. Jumla laki 6 na nusu. Aliitoa kwa mafungu matatu, kulalamika alilalamika, lakini alilipa.

Oili bado anamwaga mwenyewe, sasa hivi mchana, geti wazi, na baba mdogo akipita anasimama kukosoa namna alivyoshika spana. Breki hagusi. Na yule binti, kila akimwona baba yake amebeba jeki, anakwenda mwenyewe kuchukua funguo ya Benz juu ya kabati, anaitia kwenye kopo la sukari la mama yake, anafunga mfuniko, kisha anakuja kusimama mlangoni na mikono yote miwili nyuma.