Kumbukumbu ya Mashine na Kumbukumbu ya Malenga

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kulizungumzia suala la kumbukumbu kana kwamba ni mali ya malenga na manju peke yao. Tenzi ndefu za pwani, mathalan Utenzi wa Tambuka wa mwaka 1728 wenye beti zaidi ya 1,000, zilighaniwa mbele ya hadhira muda mrefu kabla ya kupigwa chapa, na wasomi hawachoki kustaajabia vifua vilivyozihifadhi. Hata hivyo, ipo kumbukumbu nyingine ambayo msomi wa zama hizi huitegemea bila ya kuichunguza, nayo ni ile ya kompyuta inayobeba tasnifu yake. Insha hii inasimulia namna kumbukumbu hizo mbili zilivyokutana katika kazi ya mtafiti mmoja, na namna moja ilivyolazimika kuinusuru nyingine.

Mnamo mwaka 1997, mtafiti huyo alikuwa akikamilisha shahada ya uzamifu katika chuo kikuu kimoja nchini Kenya. Kazi yake ilikuwa kuhariri utenzi mmoja uliosalia katika miswada mitatu ya hati za Kiarabu, na kuilinganisha miswada hiyo na usomaji wa bibi mmoja wa Lamu aliyeuhifadhi utenzi wote moyoni. Kila mahali bibi alipotofautiana na miswada, mtafiti aliweka tanbihi. Tasnifu nzima aliiweka katika faili moja: kurasa 580, tanbihi zaidi ya 1,400 na picha 12 za miswada. Kompyuta yake ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 16, kiasi ambacho siku hizo hakikuwa cha kudharauliwa.

Ilipofika sura ya tano, mashine ilianza kulalama. Kila alipofungua faili yake pamoja na faili nyingine mbili au tatu, ilitokea taarifa kwamba kumbukumbu haitoshi. Mtafiti alifanya ambalo lingefanywa na yeyote: alikopa fedha, akanunua kumbukumbu ya ziada, zikawa megabaiti 32. Taarifa ikarudi vilevile. Fundi wa maabara ndiye aliyemfumbulia fumbo hilo. Mfumo wa uendeshaji uliotumika wakati huo ulikuwa na vyumba maalumu, vya kilobaiti 64 tu kila kimoja, vya kuwekea habari za madirisha, michoro na fonti. Vyumba hivyo havikupanuka hata kama kumbukumbu yote ingeongezwa maradufu. Aliyefungua madirisha mengi na kutumia fonti nyingi alivijaza, na mashine ikapiga kelele za njaa ilhali ghala limejaa. Dawa yake haikuwa kununua bali kupunguza: kufunga programu zisizohitajika, kutumia fonti chache na kuianzisha mashine upya kila asubuhi.

Picha nazo zilikuwa na hesabu yake. Ukurasa wa A4 ukipigwa picha ya kijivu kwa nukta 150 katika kila inchi huwa na nukta 1,240 kwa 1,754, yaani takriban baiti milioni 2.2. Picha 12 ni megabaiti 26 kabla ya kubanwa, na programu ilijaribu kuzichora upya kila mtafiti alipopita kwenye kurasa zake. Laiti angezipiga kwa nyeusi na nyeupe tupu, kila picha ingepungua mara nane. Aidha, laiti angeziacha nje ya faili na kuweka kiungo tu cha kuziita, maandishi yangebaki mepesi.

Mzigo wa tatu ulitokana na lugha yenyewe. Programu ilikagua tahajia kila neno lilipochapwa, nayo haikujua lugha nyingine ila Kiingereza. Utenzi mzima ulipigiwa mistari myekundu, tangu bismillahi hadi tamati. Hatimaye programu ilitangaza kwamba makosa yamezidi mno, haiwezi kuendelea kuyaonyesha. Mtafiti alicheka, kisha akaacha kucheka, kwani mashine ilikuwa ikitumia nguvu zake chache kuzikosoa beti ilizokuwa haizifahamu. Ukaguzi huo ulipozimwa, faili ilipata pumzi. Ni vyema ikumbukwe kwamba iliwabidi watumiaji wa Kiswahili wangoje hadi mwaka 2004 ndipo Jambo OpenOffice, tunda la mradi uliofanyiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iwaletee programu ya ofisi inayozungumza lugha yao.

Yote hayo yalikuwa maudhi tu. Msiba ulikuja jioni moja ya mwezi wa Agosti, umeme ulipokatika wakati faili inahifadhiwa. Uliporudi, faili haikufunguka. Ilikuwa kubwa mno kuingia katika disketi ya megabaiti 1.44, na kila mara mtafiti alipotaka nakala ilimpasa aibane na kuigawa katika disketi nyingi. Kwa kuwa kazi hiyo ilichosha, nakala yake ya mwisho ilikuwa ya majuma matatu nyuma. Katika majuma hayo alikuwa ameingiza tanbihi 212 moja kwa moja kutoka kwenye kaseti, bila ya kuziandika daftarini. Kaseti zenyewe, kwa uhaba wa fedha, alikwisha kuzirekodia mahojiano mengine. Na bibi wa Lamu alikuwa amefariki mwezi wa Juni.

Fundi aliifungua faili iliyoharibika kana kwamba ni maandishi matupu, bila ya mpangilio wowote. Miongoni mwa alama zisizosomeka yalitokea maneno. Muundo wa faili za aina ile uliweka tanbihi kando, baada ya matini yote. Zaidi ya hayo, programu ilikuwa imeachiwa ihifadhi kwa haraka, yaani badala ya kuiandika faili upya iliyaongeza mabadiliko mwishoni, moja juu ya jingine. Ndiyo maana faili ilikuwa ikivimba hata siku ambazo mtafiti alifuta zaidi ya alivyoandika. Kwa hiyo tanbihi zote 212 zilipatikana, lakini zilikuwa zimechanganyika, wala hazikuwa na nambari. Nambari zilikuwa kazi ya programu, na programu ilikwisha kuzisahau.

Hapo ndipo mtafiti alipolikumbuka neno ambalo bibi alimwambia siku aliyomuuliza asemaje beti nyingi hivyo bila ya kukosea. "Mwanangu," alisema bibi, "ukipotewa na neno, shika kina. Kina hakipotei." Katika utenzi, vipande vitatu vya mwanzo vya ubeti hushirikiana kina kimoja, na kipande cha nne hubeba kina kikuu kinachorudi tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Usomaji wa bibi uliokwisha kwa -ani ulitafutiwa beti za -ani. Pale ambapo beti kadhaa zilikuwa na kina kimoja, mizani na maana viliamua. Kazi hiyo ilichukua siku 40. Tanbihi 194 zilirudi mahali pake. 18, nyingi zikiwa za kipande cha nne ambacho kina chake hakibagui ubeti, hazikupata pa kukaa.

Baada ya hapo mtafiti alibadili utaratibu. Kila sura aliipa faili yake, na nambari za kurasa aliziendeleza kwa kuiambia kila faili ianzie pale ilipoishia iliyotangulia. Uhifadhi wa haraka aliuzima. Faili iliyoonyesha dalili za ugonjwa aliinakili yote isipokuwa alama ya mwisho wa aya ya mwisho, ambamo mpangilio mwingi wa hati hufichwa, na kuimwaga katika faili mpya. Hakuhifadhi moja kwa moja kwenye disketi, kwani programu huandika nakala mpya kamili kabla ya kuifuta ya zamani, na hivyo faili ya kilobaiti 900 hukosa nafasi katika disketi ambayo yaonekana kuitosha. Na zaidi ya yote, kila tanbihi aliianza kwa nambari ya ubeti, iliyoandikwa kwa mkono wake.

Msomaji wa leo huenda akaliona jambo hili kuwa la kale. Kweli, mashine za sasa zina kumbukumbu mamia ya mara kuliko ile, na mifumo iliyoenea tangu mwaka 2007 huzitenga tanbihi katika sehemu yake ya pekee, kila moja na kitambulisho chake. Lakini wanafunzi wa uzamili na uzamifu wangali wanarundika tasnifu nzima, picha na majedwali katika faili moja, na wangali wanalia. Inafaa wamkumbuke Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo mwaka 1840. Mashairi yake hayakuokolewa na ghala moja kubwa. Mwalimu Sikujua aliyakusanya kutoka kwa watu waliokuwa wakiyakumbuka, akashirikiana na W. E. Taylor katika kuyaandika na kuyafafanua, na diwani ikachapishwa na William Hichens mwaka 1940. Shairi lililosahauliwa na mtu mmoja halikumsahaulisha mwenziwe lililo lake.

Siku ya kuitetea tasnifu, mmoja wa watahini alikifungua kiambatisho cha mwisho, chenye zile tanbihi 18, akauliza kwa nini mtafiti hakuziacha nje, maadamu hakujua ni za ubeti upi. Mtafiti alijibu kwamba usomaji ule ni wa bibi, na kwamba mahali pake palipotezwa na mwanafunzi, si na msomaji. Watahini waliagiza marekebisho madogo katika sura ya pili. Kiambatisho hawakukigusa.