Safari ya Sheffield, Wanakopima Ufanano

Treni ya Sheffield huondokea kituo cha St Pancras, London, na kwa saa mbili na ushei hukupeleka kaskazini kupitia Leicester na Chesterfield. Pale Chesterfield nilisimama kabisa kitini. Kanisa lao lina mnara uliojipinda na kujisokota kuelekea juu, na mzee aliyeketi mbele yangu alinionyesha kwa kidole kwa fahari ya mtu anayeonyesha shamba lake. Baada ya hapo vikaanza vilima, kisha mji wenyewe ukatokea.

Jina la Sheffield nililijua tangu utoto, kwa kuwa liliandikwa kwenye visu vya jikoni kwetu Tanga. Ni mji wa chuma. Harry Brearley alitengeneza humo chuma kisichoshika kutu mwaka 1913, na mbele ya kituo cha treni umesimama ukuta mrefu wa chuma unaotiririkwa na maji. Mimi, hata hivyo, nilifuata jambo jingine. Chuo kikuu cha mji huu kilifungua shule ya ukutubi mwaka 1964, na mwaka uliofuata Michael Lynch akaanzisha humo utafiti wa namna ya kuhifadhi na kutafuta miundo ya kemikali kwa kompyuta. Kemia ndani ya shule ya wakutubi! Kwa mkutubi kama mimi, ninayewahudumia watafiti wa dawa za mimea Dar es Salaam, hiyo ilikuwa sababu tosha ya kupanda ndege kwa mara ya kwanza.

Mwenyeji wangu alikuwa kijana wa Mombasa anayesomea uzamivu wa kemia. Alinipokea kituoni, akanibebea begi kilima kizima, na kabla hatujafika juu somo lilikwisha kuanza.

"Dada, kompyuta haioni molekuli," alisema. "Inaona orodha ya ndiyo na hapana. Kuna pete ya atomu sita? Ndiyo. Kuna klorini? Hapana. Orodha hiyo ndiyo tunaiita alama ya kidole ya molekuli."

"Basi unafananishaje mbili, kaka?"

Alichora kesho yake, mezani kwake. Molekuli ya kwanza ina sifa 40, ya pili ina 50, na sifa 30 zimo kwa zote mbili. Chukua 30, gawanya kwa jumla ya sifa zote zilizopo bila kurudia, yaani 40 na 50 ukitoa 30. Unapata 0.50. Hicho ni kizigeu cha Tanimoto, kilichotoka IBM mwishoni mwa miaka ya 1950. Ukitumia kipimo kingine, cha kosaini, kwa molekuli zile zile, unagawanya 30 kwa kipeuo cha pili cha 40 mara 50, na jibu linakuwa 0.67. Molekuli hazikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni uamuzi wa mtu aliyeshika kalamu.

Peter Willett, aliyesoma kemia Oxford kabla ya kuja Sheffield kusomea taaluma ya habari, alichapisha pamoja na mwenzake mwaka 1986 ulinganisho wa vipimo kadhaa vya namna hii, na Tanimoto kikasimama vizuri. Tangu hapo kimekuwa kipimo cha kila siku cha watafutaji dawa. Kilichonisisimua zaidi ni kwamba kanuni hiyo hiyo, kwa data za ndiyo na hapana, ilikwisha kuandikwa mwaka 1901 na Paul Jaccard, mtaalamu wa mimea wa Uswisi, alipokuwa akilinganisha mimea ya bonde moja la milima ya Alps na ya bonde jingine. Mimea ilitangulia, kemia ikafuata.

Nilimwomba mwenyeji wangu anionyeshe kitu cha kwetu. Akaandika klorokwini kwenye kompyuta. Kila aliyekulia pwani anaukumbuka uchungu wake na mwasho wake wa ngozi. Tanzania iliiacha kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea. Karibu nayo kabisa ikatokea amodiakwini: pete mbili zile zile zilizoshikana, klorini pale pale. Kisha nikamwambia atafute artemisinini, iliyotolewa na kikosi cha Tu Youyou wa China katika mmea wa Artemisia annua, na iliyozaa dawa ya mseto tunayomeza leo. Ilikuwa mbali sana. Haina klorini, haina hata naitrojeni. Nguvu yake imo katika atomu mbili za oksijeni zilizoungana. Anayetafuta dawa ya malaria kwa kufuata ufanano na klorokwini asingeifikia artemisinini kamwe. Kufanana huongeza uwezekano kwamba dawa mbili zitafanya kazi moja, lakini kutofanana hakuthibitishi lolote, na watafiti wetu wenye majani na magome ambayo hayajachunguzwa wanahitaji kuambiwa hivyo waziwazi.

Siku za katikati nilizitumia kwenye maktaba ya Western Bank. Imeunganishwa kwa daraja na jengo refu liitwalo Arts Tower, ambalo lifti yake moja haisimami: vyumba 38 visivyo na milango huzunguka bila kukoma, nawe unaruka ndani. Niliruka.

Huko maktabani ndiko nilikosoma upande wa pili wa jambo hili la kupima ufanano. Mwaka 1981 Howard White na Belver Griffith wa Philadelphia walionyesha kwamba waandishi nao wanaweza kupimwa: ikiwa makala nyingi zinawataja wawili pamoja katika marejeo yake, wawili hao wana ujamaa wa kitaaluma, na kutokana na ujamaa huo unachora ramani ya fani nzima. Faharasa ya marejeo iliyowezesha kazi hiyo ilianzishwa na Eugene Garfield, naye pia alitoka kwenye kemia. Tasnifu yake ya mwaka 1961 ilihusu kugeuza majina ya kemikali kuwa fomula.

White na Griffith walitumia kizigeu cha uhusiano cha Pearson. Mwaka 2003 Ahlgren, Jarneving na Rousseau wakakipinga, na ubishi ukawaka. Nilichukua karatasi nijaribu mwenyewe. Mwandishi mmoja ametajwa pamoja na watu watatu mara 5, 1 na 3. Mwenzake mara 1, 5 na 3. Pearson anasema −1, yaani ni kinyume kabisa. Sasa ongeza kwenye orodha watu watatu ambao hakuna kati ya hao wawili aliyewahi kutajwa nao. Sufuri tatu tu kila upande. Pearson anaruka hadi 0.26, na maadui wamekuwa majirani! Kosaini ilibaki 0.54 kabla na baada.

Nilikaa na karatasi ile muda mrefu. Swali ni lile lile la meza ya kemia: je, kukosa kitu kimoja ni kufanana? Tanimoto na kosaini hujibu hapana, sufuri za pamoja hazihesabiwi. Pearson huzihesabu. Kwa maoni yangu, katika kuwapima waandishi, Ahlgren na wenzake walikuwa na haki, kwa kuwa ujamaa wa watu wawili haupaswi kukua kwa sababu mtafiti ameongeza majina yasiyowahusu.

Wakutubi wenzangu wa Dodoma, Nairobi, Kampala na Bujumbura, mkiletewa ramani ya wataalamu wa fani fulani, ulizeni kwanza ni kipimo gani kimetumika na sufuri zimefanyiwa nini. Kisha ulizeni ni majarida gani yaliyohesabiwa. Mwandishi anayenukuliwa na majarida yasiyomo katika faharasa ana sufuri kila safu, na hakuna kipimo, kiwe cha Tanimoto, cha Pearson au cha kosaini, kitakachomweka kwenye ramani. Kuyaingiza majarida yetu humo ni kazi yetu, tuianze.