DADA WA MPANDA, BANDO LA USIKU NA ILE ASILIMIA 140

Wadau, kuna kazi ukizisikia unadhani mtu anakaa tu kwenye kiyoyozi anabonyeza bonyeza kompyuta, mwisho wa mwezi anapokea chake. Karani wa takwimu yuko humo. Sasa leo msome kisa cha dada mmoja wa Mpanda, Katavi, umri miaka ishirini na kitu. Jina lake libaki pembeni, mji wenyewe mdogo na watu wanajuana.

Kazi yake ilikuwa hivi. Kila mwezi zahanati na vituo vya afya vinajaza vile vitabu vya MTUHA: wajawazito wangapi wamekuja kliniki, watoto wangapi wamechanjwa, malaria wangapi. Majumuisho yakifika, yeye anayaingiza kwenye DHIS2, mfumo uliotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo kule Norway, ambao Tanzania inautumia nchi nzima. Kazi ya mkataba. Ukiisha unaomba upya, unasali.

Mwishoni mwa 2022 ukamkuta msala. Zahanati moja ilitoka na chanjo ya watoto asilimia 140. Yaani lengo la mwaka lilikuwa watoto 200, wamechanjwa 280. Kwenye kikao mkubwa mmoja akatupa neno: "Binti, hizi data umezipika." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Kwa mtu wa mkataba, neno "kupika" si utani, hilo ndo linakurudisha nyumbani. Tena unajiuliza, utajiteteaje? Hata yeye mwenyewe alikuwa hajui kwa nini namba imepita mia.

Hapo ndipo bando likaingia kazini.

Kwenye grupu la WhatsApp la makarani walikuwa wanatumiana linki za mafunzo ya bure mtandaoni. Zipo nyingi kuliko watu wanavyodhani. Hao hao wa Oslo wana kozi zao za DHIS2, unasoma bila kulipa hata mia. Kuna webina za mashirika ya Umoja wa Mataifa kwa watu wa takwimu serikalini. Kuna kitabu cha mtandaoni cha kufundishia R kwa watu wa afya, bure, na R yenyewe ni programu ya bure.

Lakini bure ya mtandaoni ina bei yake. Ya kwanza aliikosa kisa saa. Tangazo limeandika 14:00 GMT, yeye akajua saa nane mchana. Kumbe huku kwetu hiyo ni saa 11 jioni. Akakaa ofisini anakodolea macho kioo hakuna mtu, akafunga, akaondoka zake. Ya pili ilianza usiku, saa 2, maana mwalimu alikuwa Marekani na kwake ndo kwanza mchana. Mpanda wakati huo ilikuwa bado nje ya gridi ya taifa, umeme wa jenereta za mafuta. Umeme ukakata katikati, kompyuta ikazima, akabaki anasikiliza kwenye simu na chaji asilimia 9. Kiingereza nacho kinakimbia kama basi la Sumbawanga. Na kila wiki hela ya bando inatoka kwenye hela ya mboga. Mama yake akawa anamuuliza, "Hao Wazungu unaoongea nao usiku wanakulipa?"

Hawakumlipa. Ila usiku mmoja mwezeshaji alisema kitu kimoja. Ukiona asilimia imepita mia, usikimbilie kusema mtu amedanganya. Angalia mambo matatu. Moja, je, kuna watu wamehesabiwa mara mbili? Mbili, je, kuna waliotoka nje ya eneo lako wakaja kuchanjwa kwako? Tatu, je, lile lengo ulilogawia ni la kweli?

Dada akachukua bodaboda, akaenda zahanati ile ile. Akakaa siku nzima na rejesta, jina kwa jina. Akakuta watoto 12 wameandikwa mara mbili. Akawatoa. Wakabaki 268. Gawanya kwa 200, bado ni asilimia 134. Kwa hiyo kosa dogo lilikuwepo, lakini uongo haukuwepo.

Likabaki la tatu, lile lengo. Na hapo ndo utamu wenyewe. Lengo lilitoka kwenye makadirio ya watu, na makadirio yalisimama juu ya sensa ya 2012. Mwaka ule Katavi, mkoa mpya uliotoka tu kumegwa Rukwa, ulihesabiwa watu 564,604. Akafanya hesabu ya kawaida kabisa: ukiikuza namba hiyo kwa asilimia 2.7 kwa mwaka, ile kasi ya nchi nzima iliyoonekana kwenye sensa hiyo, baada ya miaka 10 unapata kama 737,000. Halafu akaweka pembeni majibu ya sensa ya Agosti 2022. Katavi: watu 1,152,958.

Soma tena. Mkoa umezidi mara mbili ndani ya miaka 10. Kwa hesabu yake, watu zaidi ya 400,000 walikuwepo kwa miguu yao lakini kwenye karatasi hawapo. Na ukiishi Mpanda wala hushangai. Wafugaji wameshuka na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa, wakulima wamefuata ardhi, wengine wamefuata dhahabu. Watu wanakuja na wanazaa.

Sasa mtu atasema, namba tu hizo, shida iko wapi? Shida ni kwamba chanjo zinaagizwa kwa kufuata lengo. Ukisema eneo lina watoto 200, zinaletwa za kama 200. Mtoto wa 201 mama yake ametembea tangu alfajiri, kafika dirishani anaambiwa, "Zimeisha mama, rudi wiki ijayo." Wengine hawarudi. Surua haisubiri wiki ijayo.

Kikao kilichofuata dada alikwenda na karatasi moja tu. Juu ameandika kosa la wale 12, hakulificha. Chini ameweka sensa mbili na lile pengo. Hakuna aliyempigia makofi, hii si muvi. Yule mkubwa alisoma kimya, akasema, "Liandike kwenye ripoti." Basi. Ila neno "kupika" halikusikika tena, na mkataba ulipoisha aliongezewa.

Kwenye grupu lile lile kuna kaka mmoja ana vyeti 11 vya webina. Anaingia, anazima kamera, anaenda kuangalia mpira, mwisho anajaza fomu, cheti kinakuja, anaposti stetasi "Never stop learning". Comments zinajaa moto. Siku moja dada alimuomba amsaidie kusafisha faili lenye mistari elfu tatu. Jibu: "Niko bize kidogo." Mpaka leo yuko bize.

Tusimbeze sana, ajira ngumu na cheti kinapendezesha wasifu. Ila tofauti ya hawa wawili si akili. Ni kwamba mmoja alikwenda kwenye somo akiwa na swali kutoka zahanati yake, mwingine alikwenda kuchukua picha. Somo la Oslo lilipata maana lilipokutana na rejesta iliyochanika ya Mpanda.

Na maofisini nako kuna neno. Somo ni bure, bando si bure. Kama data za dada huyu ndizo zinazoleta chanjo, kumnunulia GB chache kwa mwezi na kumpa saa mbili za kusoma si hisani, hiyo ni sehemu ya kazi.

Kwa wanaotaka kuanza: Siku ya Takwimu Afrika ni 18 Novemba kila mwaka, kipindi hicho fungua macho, mafunzo ya bure huwa yanamwagika. Ukiona GMT jumlisha saa 3, halafu geuza kwa saa zetu za Kiswahili. Na kabla hujabonyeza linki, andika kwanza swali lako kwenye karatasi.

Haya, wewe ni nani kati ya hao wawili, dada wa karatasi moja au kaka wa vyeti 11? Semeni ukweli hapo chini, msipike.