Soma Tena

Mwaka ambao macho ya baba yalianza kufifia ndio mwaka ambao gari lake lilianza kula oili. Sisemi kwamba mambo hayo mawili yanahusiana. Ndivyo tu yalivyotokea. Daktari alisema ni presha ya macho, ugonjwa unaokula uoni polepole kuanzia pembeni, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Matone ni ya kulinda kilichobaki. Fundi wa mtaani naye alifungua mfuniko wa oili injini ikiwa inaunguruma, akatazama moshi unaopumulia pale, akasema ringi zimekwisha. Akataja bei yake. Tukamshukuru, tukaondoka.

Gari lenyewe ni Corolla KE70, lile la pembepembe ambalo ukifungua boneti unaiona ardhi. Injini yake ni 4K, silinda nne, ujazo wa sentimita 1290, na kipenyo cha kila silinda ni milimita 75. Namba hizi nilikuwa sizijui. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari hapa Morogoro, na kabla ya mwaka ule kitu kikubwa nilichowahi kufungua kwa spana ni kitanda. Lakini baba aliendesha malori miaka ishirini na sita, na dereva wa zama zake alikuwa nusu fundi. Ukiharibikiwa porini hukuwa na simu ya kumpigia mtu.

"Tutaifungua wenyewe," akasema. Wenyewe maana yake mimi. Yeye wakati huo alikuwa anaona kivuli cha mtu akipita mbele ya dirisha, basi.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Nilikuwa na laki mbili na nusu. Ringi seti moja 45,000, gasketi seti nzima 60,000, beringi za konrodi 50,000, oili na filta 50,000. Kinachobaki ni cha sabuni, petroli ya kusafishia na soda za vijana watakaotusaidia kunyanyua. Pistoni zenyewe tungerudisha zilezile za zamani. Kabatini kulikuwa na bahasha nyingine yenye 150,000, hela ya matone ya baba ya miezi mitatu. Ile niliiwekea nadhiri kwamba haiguswi.

Kosa langu la kwanza nililifanya kabla hata ya kushika spana: nilinunua ringi kabla ya kupima. Nilipanda basi hadi Dar es Salaam, karibu kilomita 200, nikaingia Gerezani, nikasema nataka ringi za 4K. Muuzaji akauliza, "Stendadi au saizi?" Nikasema stendadi, kwa sababu lilikuwa neno lisilo na aibu. Nilipomwambia baba jioni ile alinyamaza kidogo. "Umemnunulia mtu viatu," akasema, "mguu wake hujauona."

Injini tuliinyanyua Jumamosi kwa winchi ya mnyororo tuliyoazima, tukaishusha kwenye matairi mawili ya zamani chini ya mwembe. Baba aliketi kwenye kigoda, miguu ameikunja, akiwa na mkebe wa kuwekea bolti. Nilifungua silinda hedi, nikafungua karai la oili, nikafungua vifuniko vya konrodi kimoja kimoja na kuvipanga kwa namba zake, maana kifuniko cha konrodi hakihami kwenda kwa jirani. Kisha nikazisukuma pistoni kutoka chini, zikatokea juu zikiwa nyeusi kama masizi ya jiko la kuni.

Baba akainama, akaingiza kidole kwenye silinda ya kwanza, akapitisha ukucha kutoka chini kwenda juu. Karibu na mdomo ukucha ulikwama. "Unasikia ngazi hii? Ringi ya juu haifiki hapa, kwa hiyo chuma cha hapa hakijalika. Chini yake kimelika. Ukifunga ringi mpya, kona yake itagonga ngazi hii kila mzunguko mpaka ivunjike." Akaenda ya pili, ya tatu. Ya nne akakaa nayo muda mrefu. "Sasa tupime."

Kifaa cha kupimia kipenyo cha silinda hatukuwa nacho, na cha kuazima hakikupatikana. Baba akanifundisha njia ya maskini, na kwa kweli ni hesabu nzuri kuliko nyingi nilizofundishwa darasani. Chukua ringi moja, iingize ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni iliyopinduliwa ili ikae sawa. Ncha mbili za ringi hazigusani. Kati yake kuna mwanya. Pima mwanya huo chini kabisa, mahali ambapo silinda haijalika. Halafu ipandishe ringi juu, chini kidogo ya ile ngazi, upime tena. Tofauti ya mianya miwili igawe kwa 3.14. Jibu lake ndilo kiasi ambacho silinda imepanuka. Huhitaji kitu zaidi ya ringi na fila.

Fila ni kile kipima-mwanya chenye ndimi nyembamba za chuma, kila ulimi na unene wake umeandikwa juu yake kwa tarakimu ndogo. Baba hakuweza kuziona tarakimu hizo. Kwa hiyo mimi nikawa nasoma, yeye anagawa kichwani.

Silinda ya kwanza: chini 0.30, juu 0.60. "Sehemu moja ya kumi ya milimita," akasema. "Kwa gari la kwenda sokoni na zahanati, tutavumilia." Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu mbaya kidogo. Ya nne chini ilikuwa 0.30. Nikaipandisha ringi juu, nikajaribu ulimi wa 0.60, ukapita unacheza. Wa 0.80 nao ukapita. Nikaunganisha 0.80 na 0.25, zikaingia kwa kubana vizuri. 1.05.

Hesabu niliifanya kabla yake. Robo ya milimita. Maana yake bloku ikachongwe, zote nne, na pistoni zote nne zinunuliwe mpya za saizi. Nilishauliza bei Gerezani kwa udadisi tu: pistoni na ringi zake 180,000, kuchonga kama laki moja. Laki mbili na themanini ambazo sikuwa nazo. Nilichokuwa nacho ni ile bahasha ya kabatini, na hata hiyo isingetosha.

"Ngapi?" baba akauliza.

"Sifuri nukta sita tano," nikasema.

Msomaji, nimefundisha miaka kumi na moja. Nimewaambia watoto wa watu mara ngapi sijui kwamba kilichoandikwa ndicho kinachosomwa, kwamba huruhusiwi kumsomea msikilizaji neno unalolipenda wewe. Na siku ile, chini ya mwembe wetu, nilimsomea baba yangu asiyeona tarakimu niliyoipenda. Nilijipa sababu nzuri: namlindia macho yake. Ukitaka kusema uongo bila kuumia, usemee kwa jina la mtu unayempenda.

Baba hakujibu upesi. Aligeuza bolti moja kwenye mkebe, akaiweka.

"Nimesikia umetoa ndimi mbili," akasema. "Sitini na tano inahitaji ulimi mmoja. Soma tena."

Hakupandisha sauti. Kuku walikuwa wanachakura kwenye majani ya mwembe, na mama alikuwa anapepeta mchele upande wa jikoni. Nikaingiza tena ndimi zilezile mbili mahali palepale, ingawa nilijua zitasema nini.

"Moja nukta sifuri tano."

"Haya." Midomo yake ikatikisika kidogo akigawa. "Robo. Basi hii imekufa." Kisha, baada ya muda: "Ulikuwa unaogopa hela?"

"Ndiyo, baba."

"Hela ikikosekana tunasema imekosekana. Injini iliyofunguliwa haili oili wala petroli. Inaweza kungoja. Lakini ukiifunga na uongo ndani, itakuja kukuambia ukweli barabarani, mama yako akiwa kiti cha nyuma."

Tulingoja miezi minne. Waswahili husema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, ila hawakusema lazima uyaoge siku hiyohiyo. Tuliipaka bloku oili kila mahali penye chuma kitupu, tukaifunga kwa nailoni na khanga kuukuu ya mama, tukaiweka kona ya stoo. Majirani walitania kwamba tumezika jamaa. Baba alikwenda kliniki kwa bodaboda, kamshika dereva kiuno kwa mikono yote miwili, jambo ambalo najua lilimuuma kuliko alivyosema. Bahasha ya matone haikuguswa. Desemba nilipata posho ya kusahihisha mitihani, nikarudi Gerezani na namba sahihi mfukoni: pistoni za 4K, saizi 50, yaani zimezidi za mwanzo kwa nusu milimita.

Hapo pia kulikuwa na kishawishi. Kijana mmoja alinionyesha pistoni nne za mtumba kwa bei ya chini ya nusu, zimeng'arishwa vizuri. Nikazishika. Mbili zilikuwa na alama tofauti kichwani na zile nyingine, nikajua zimetoka injini mbili. Nikazirudisha. Nilijisikia kama mtu aliyegundua wizi wa maandishi kwenye insha.

Baba alisisitiza jambo moja: pistoni kwanza, kuchonga baadaye. Usimpe mchongaji namba, mpe pistoni zenyewe aipime kila moja, achonge silinda iifuate, aache nafasi ya sehemu chache tu za mia za milimita ili chuma kikipata joto kivimbe bila kubana. Mchongaji wa upande wa Msamvu alifanya hivyo, akahamishia konrodi zetu kwenye pistoni mpya, akatukabidhi bloku yenye mikwaruzo myembamba inayopishana ndani ya silinda. Mikwaruzo ile si uchafu. Ndiyo inayoshika oili na kuzifundisha ringi kukaa.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya bei rahisi kabisa. Niliiosha bloku kwa maji ya moto na sabuni ya unga, kwa brashi ya vyombo ambayo mama hakuitaka tena baadaye. Petroli peke yake haitoi vumbi la kuchongea. Niliosha, nikafuta kwa fulana nyeupe ya baba, fulana ikatoka kijivu, nikaosha tena. Mara ya nne ilitoka nyeupe. Hapohapo nikapaka oili, maana chuma kilichooshwa hivyo kinashika kutu upesi.

Mianya ya ringi mpya niliipima moja moja, nikisoma kwa sauti. Mbili zilibana mno, nikazisugua ncha kwa tupa polepole. Ringi isiyo na mwanya ikipata moto ncha zake hukutana, na zikikutana huvunjika au hukwaruza silinda. Kuzivisha ringi aliifanya baba mwenyewe. Alitafuta kwa ukucha herufi ndogo iliyogongwa karibu na mwanya, ile inayotakiwa kutazama juu, akazipata zote bila kuniuliza. Akazigeuza mianya isikae mstari mmoja.

Kibanio cha ringi tulikitengeneza kwa kopo la maziwa ya unga, tukalikata, tukalinyoosha kingo, tukalizungushia klipu mbili za mpira wa radieta. Boliti za konrodi nikazivisha vipande vya mpira wa petroli zisiikwaruze krenki. Alama ya mbele ya pistoni ikatazama mbele. Nikaigonga kwa mpini wa nyundo, taratibu, pistoni ya kwanza ikazama na kusema *pu*. Ya pili nayo. Ya tatu ikafika nusu ikagoma, nami nikanyanyua mpini kuongeza nguvu.

"Acha!" baba akasema. "Mlio umebadilika."

Niliitoa. Ringi ya chini ilikuwa imechomoza nje ya kopo, imekalia ukingo wa silinda. Pigo moja zaidi ningeivunja. Tukaanza upya.

Kila pistoni ilipoingia na kifuniko chake kukazwa, baba aliishika krenki kwa mkono na kuizungusha, kichwa ameinamisha kama anayesikiliza redio yenye sauti ndogo. Mara nne alisema, "Endelea."

Tuliwasha Jumapili moja ya Februari, jua linakaribia kuzama. Ilikohoa mara tatu, ikashika. Mama alipiga kigelegele kifupi kisha akakikatisha, kana kwamba amewahi. Baba alikuwa amesimama nyuma ya gari, mkono mmoja juu ya buti, uso ameuelekeza kwenye bomba la moshi.

"Moshi una rangi gani?"

Nilitazama. Nilitamani sana kusema hauna rangi.

"Una ubluu," nikasema. "Si kidogo."

"Ni oili uliyopaka wakati wa kufunga. Inaungua." Akavuta hewa puani. "Usiondoke hapo. Endelea kunisomea."

Nikasimama pembeni yake, nikamsomea moshi mpaka giza lilipoingia.